Miale mitatu ndani ya televisheni ya chogo

(Haya ni mazungumzo tuliyoyatoa mbele ya wahitimu wa kisomo. Tumeyaandika hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)



Leo hatutasema habari za mbolea wala za kuku. Tutasema habari za televisheni. Tena siyo hizi mpya, nyembamba kama ubao, zinazotundikwa ukutani. Tunazungumzia televisheni za chogo, yaani zile nene zenye mgongo mkubwa nyuma. Viwanda vingi vilivyokuwa vikizitengeneza vimekwisha fungwa. Lakini zenyewe bado zipo. Zipo majumbani, zipo vilabuni, zipo kwenye vibanda vya kuonyesha mpira, zimeungwa na king'amuzi na zinafanya kazi.

Kwa nini tupoteze saa nzima kwa ajili yake? Kwanza, kwa sababu ya fedha. Televisheni nyingi za chogo zinauzwa kwa bei ya vyuma chakavu ati kwa sababu rangi zimeharibika. Mara nyingi ugonjwa wenyewe ni mdogo, na mwingine unatibika bila ya kutoa hata shilingi. Pili, kwa sababu ya roho za watu. Ndani ya chogo lile mna umeme unaoweza kukuangusha hata kama waya umekwisha uchomoa ukutani. Na siku hizi watu wanalipasua kwa nyundo wakitafuta shaba, watoto wamesimama pembeni wanatazama.

Basi tuanze na chupa. Ndani ya televisheni ya chogo mna chupa moja kubwa ya kioo. Mafundi wanaiita tyubu ya picha. Uso wa chupa ndio ule mnaoutazama. Kwenda nyuma chupa inapungua, inapungua, mpaka inakuwa shingo nyembamba kama ya kibuyu. Hewa yote ya ndani imenyonywa. Hamna kitu.

Mwisho kabisa wa shingo mna kitu kidogo cha chuma kinachopashwa moto mpaka kinakuwa chekundu. Kimepakwa dawa maalum, nayo ikipata moto inatoa chembe ndogo sana za umeme. Chembe hizo huitwa elektroni. Hazionekani kwa macho. Mwingereza mmoja, J. J. Thomson, ndiye aliyezitambua mwaka 1897. Mwaka huo huo Mjerumani, Karl Ferdinand Braun, aliyekuwa mwalimu huko Strasbourg, alitengeneza chupa ya kuongoza elektroni ziandike kwenye kioo kinachong'aa. Wakati ule hakuwaza habari ya kuonyesha mpira. Alitaka tu kuona jinsi umeme unavyopanda na kushuka.

Elektroni zina umeme hasi, na umeme hasi huvutwa na umeme chanya. Kwa hiyo sehemu ya mbele ya chupa hupewa umeme chanya mwingi mno, kama volti 25,000. Umeme wa nyumbani ni volti 230 tu. Elektroni zikivutwa namna hiyo zinatoka mbio, karibu kilomita 90,000 kwa sekunde moja. Kama njia ingekuwa wazi, elektroni moja ingeizunguka dunia mara mbili katika sekunde hiyo, na chenji ingebaki.

Zikifika mbele zinagonga uso wa chupa kwa ndani. Uso huo umepakwa unga maalum. Unga ukigongwa, unatoa mwanga. Kumbe nuru mnayoiona haitoki kwenye taa yoyote. Ni unga unaogongwa.

Sasa kuna taabu moja. Elektroni zinachukiana. Kila moja inamsukuma mwenzake. Zikiachwa hivi hivi zitatawanyika njiani kama vifaranga walioona mwewe, na zikifika mbele zitafanya doa pana la mwanga. Picha itakuwa ukungu mtupu. Zinahitaji kukusanywa.

Kazi hiyo inafanywa na mirija mifupi ya chuma iliyopangwa shingoni, mmoja mbele ya mwingine. Elektroni hupita katikati yake. Mrija wa kwanza, ulio karibu na moto, unafanya kazi ya koki ya bomba. Ukiwa hasi sana, elektroni chache zinapita, na mahali pale kwenye picha panakuwa giza. Hasi ikipunguzwa zinapita nyingi, panakuwa na mwanga. Mbele yake kuna mrija wenye volti kama 5,000 hadi 8,000, halafu unafuata mrija wenye volti 25,000. Katika nafasi iliyo baina ya mirija hiyo miwili, nguvu ya umeme inapinda njia za elektroni. Zilizokuwa zinakwenda pembeni zinarudishwa katikati, mpaka zote zinakutana mbele mahali pamoja.

Mmewahi kumwona mtoto akichoma jani kavu kwa miwani ya babu yake? Kioo cha miwani kinakusanya nuru ya jua, inakuwa nukta moja kali. Mirija ile nayo ni miwani, ila haina kioo. Miwani yenyewe ni umeme. Na kama mtoto anavyosogeza miwani mbele na nyuma kutafuta nukta kali, ndivyo fundi anavyopandisha na kushusha volti za mrija ule mpaka picha ikae sawa. Pale anapozungusha panaitwa fokasi. Kidude chake kiko ndani, juu ya kile kifaa cha kupandishia umeme ambacho mafundi wanakiita flaibaki.

Hapa tuna neno kwa ndugu zetu wa pwani na wa kandokando ya maziwa. Televisheni yako ukiiwasha inaanza na ukungu, maandishi hayasomeki, halafu baada ya kupata joto inakuwa safi? Usikubali haraka kuambiwa kwamba tyubu imekufa. Mwambie fundi aangalie kwanza soketi inayovikwa mwisho wa shingo. Hewa ya unyevu inaingiza kutu mle, volti za fokasi zinavuja. Soketi ni kitu cha bei ndogo. Tyubu ikichoka kweli dalili yake ni nyingine: mwanga unakuwa hafifu, na ukiulazimisha kwa kuongeza mwangaza, sehemu nyeupe zinavimba na kupoteza ukali.

Mpaka hapa tuna nukta moja tu ya mwanga, katikati ya kioo. Picha nzima inatoka wapi? Shingoni kwa nje mmefungwa koili za waya wa shaba. Umeme ukipita katika koili zinakuwa sumaku, na sumaku inaupinda mwale wa elektroni. Koili nyingine zinauvuta kushoto na kulia, nyingine juu na chini. Basi mwale unalima kioo kama mkulima na jembe la ng'ombe: unakwenda kutoka kushoto mpaka kulia, unarudi upesi, unaanza mfuo mwingine chini yake. Katika mtindo tuliokuwa tukiutumia Tanzania mifuo ni 625 kwa picha moja, na picha ni 25 kila sekunde. Yaani mwale unapiga mifuo 15,625 kwa sekunde. Jicho haliwezi kufuata. Linadanganyika, linaona picha imetulia.

Sasa tuingie kwenye rangi, na hapa ndipo akili ya watu ilipofanya kazi kweli.

Televisheni ya rangi ina miale mitatu. Mmoja ni wa rangi nyekundu, mmoja wa kijani, mmoja wa buluu. Miale yenyewe haina rangi, elektroni ni elektroni. Kinachotofautiana ni unga. Uso wa chupa umepakwa unga wa aina tatu, vinukta au vimistari vidogo mno vikipishana: chekundu, kijani, buluu, chekundu, kijani, buluu, malaki kwa malaki. Kama mnabisha, jaribuni leo jioni. Lowesha kidole, weka tone dogo sana la maji juu ya kioo mahali palipo peupe. Tone litakuza kama miwani, mtaviona. Mtaona pia kwamba hakuna unga mweupe popote. Rangi tatu zikiwaka pamoja, jicho linasema nyeupe. Nyekundu na kijani zikiwaka pamoja, jicho linasema njano. Mchoraji atashangaa, maana rangi zake za kopo hazifanyi hivyo.

Lakini mwale wa nyekundu unajuaje kwamba ugonge unga mwekundu tu, na usiguse wa jirani? Vinukta vile havifiki hata milimita moja. Mwale wenyewe ni mpana kuliko kinukta.

Fikirini ua wa makuti. Nyuma ya ua wamefungwa mbuzi, ng'ombe na punda, wamepangwa sambamba. Kwenye ua pana tundu moja tu. Watoto watatu wamesimama upande wetu, mmoja kushoto, mmoja katikati, mmoja kulia, na wote wanachungulia tundu lile lile. Aliye kushoto atamwona mnyama wa kulia. Aliye katikati atamwona wa katikati. Aliye kulia atamwona wa kushoto. Tundu ni moja, lakini kila mtoto anaona mnyama wake, kwa sababu kila mmoja amesimama mahali pake.

Ndivyo ilivyo ndani ya chupa. Nyuma kidogo ya uso limewekwa bati jembamba lenye matundu malaki kadhaa. Miale mitatu inatoka mahali pa tatu tofauti shingoni. Inakutana kwenye tundu, inapita, na baada ya kupita kila mmoja unaelekea kwenye unga wake. Unga wa jirani umejificha kwenye kivuli cha bati. Kampuni ya RCA ya Marekani ilionyesha chupa ya namna hii mwaka 1950, na mwaka 1954 ikaanza kuuza televisheni yake ya rangi, CT-100, kwa dola 1,000. Kwa watu wa kawaida wakati ule hiyo ilikuwa bei ya kutisha, hata huko kwao. Kwetu, Zanzibar ilipata televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Bara tulingoja mpaka mwaka 1994 kupata kituo chetu cha kwanza cha televisheni.

Bati hili lina hasara yake. Katika elektroni 100 zinazotoka shingoni, kiasi cha 80 zinagonga bati na kuishia hapo. Hazitoi mwanga wowote, zinalipasha moto tu. Bati likipata moto linatanuka, matundu yanahama kidogo, rangi zinaanza kupotea njia. Ndiyo maana baadaye viwanda vilitumia chuma kiitwacho Inva, mchanganyiko wa chuma na nikeli, ambacho hakitanuki upesi. Sony wao walikuja na njia nyingine mwaka 1968, Trinitron. Badala ya matundu waliweka nyuzi nyembamba za chuma zilizosimama wima, zimekazwa kama za zeze. Mwenye Trinitron akitazama karibu ataona mstari mmoja au miwili hafifu sana imelala kuvuka kioo. Asihangaike. Ni kivuli cha waya unaozishika zile nyuzi zisitikisike. Haikuharibika.

Kutokana na hayo, macho yenu yenyewe yanaweza kutambua ugonjwa. Picha yote ikiwa na ukungu, hiyo ni habari ya fokasi tuliyokwisha isema. Lakini kama herufi nyeupe ina kivuli chekundu upande mmoja na cha buluu upande wa pili, basi miale mitatu haikutani sawasawa. Sana sana huonekana kwenye pembe za kioo, maana njia ya kwenda pembeni ni ndefu kuliko ya katikati. Kurekebisha, kuna pete za sumaku zilizovikwa shingoni. Kiwandani zilipangwa kwa uangalifu, zikapigwa rangi zisisogee. Kijana anayejifunza ufundi akizizungusha kwa kubahatisha, anaweza kukesha usiku kucha na asiweze kurudisha picha ilivyokuwa. Tumeona hivyo zaidi ya mara moja, na mwenye televisheni akatozwa bado.

Ugonjwa wa tatu ndio unaopeleka televisheni nyingi kwa wanunuzi wa skrepa. Katika kona ya kioo kuna doa la kijani, au la zambarau. Uso wa mtangazaji ukipita pale unageuka rangi. Watu wanasema tyubu imeungua. La. Mara nyingi ni sumaku.

Rudini kwa watoto wetu kwenye ua. Mtu akimsukuma mtoto hatua moja pembeni, atachungulia tundu lile lile lakini ataona mnyama wa mwenzake. Sumaku inaufanyia hivyo mwale. Inausogeza kidogo tu, unapita kwenye tundu kwa pembe nyingine, unagonga unga usio wake. Na sumaku imetoka wapi? Tazameni kando ya televisheni. Spika kubwa! Nyuma ya kila spika mna sumaku. Kwenye kibanda cha mpira spika hukaa kubanana na televisheni, maana watu wanataka kelele. Spika za ndani ya televisheni yenyewe hutengenezwa kwa namna ya kuzuia sumaku isivuje, lakini hii ya pembeni haikutengenezwa hivyo. Na watoto nao wakiokota sumaku ya spika mbovu hupenda kuibandika kwenye kioo waone rangi zinavyocheza. Zinacheza kweli. Wakiiondoa, bati la ndani linabaki na usumaku, na doa linabaki.

Dawa yake mnayo tayari. Mnapowasha televisheni ya rangi, husikia mvumo mfupi, "vuuum", halafu kimya? Ule ni mvumo wa koili kubwa iliyozungushiwa chupa. Inapitisha umeme unaokwenda na kurudi kwa nguvu, halafu unapungua taratibu mpaka unakwisha. Kwa kufanya hivyo inalifuta bati usumaku. Lakini hufanya hivyo mara moja tu, ikiwa baridi. Ukizima na kuwasha papo hapo haifanyi kitu. Kwa hiyo, ondoa spika, iweke mbali hatua mbili au zaidi. Zima televisheni kwenye swichi yake yenyewe, siyo kwa rimoti. Ngoja nusu saa. Washa. Doa likipungua bila kwisha, rudia tena na tena. Likikataa kabisa, mwite fundi mwenye koili ya mkono ya kufutia sumaku. Kazi yake haizidi dakika chache, wala hahitaji kufungua kasha.

Hata dunia yenyewe ni sumaku. Ndiyo maana ukigeuza televisheni ielekee upande mwingine wa nyumba rangi zinaweza kubadilika kidogo. Ngoja nusu saa ikiwa imezimwa, kisha washa. Tena sumaku ya dunia haivuti namna moja kila mahali. Ulaya, sindano ya dira ikiachwa huru huinamisha ncha yake ya kaskazini kuelekea ardhini. Hapa Tanzania ncha hiyo hiyo hunyanyuka juu. Kwa hiyo baadhi ya viwanda vilikuwa vikitengeneza aina moja ya tyubu kwa nchi za kaskazini, nyingine kwa za kusini, na nyingine kwa nchi za ikweta. Chogo la mtumba lililopangwa kwa ajili ya Ulaya linaweza kufika huku rangi zikiwa na kasoro ndogo, hata kama ni zima.

Sasa habari ya kufungua. Tumesema ndani ya chupa hamna hewa. Basi hewa ya nje inaikandamiza pande zote, kiasi cha kilo moja kwa kila sentimita moja ya mraba. Kwenye uso wa televisheni ya inchi 21 peke yake huo ni uzito unaozidi tani moja. Chupa ikipigwa nyundo, kioo kinaingia ndani kwa kishindo halafu vipande vinaruka nje. Macho ndiyo huumia kwanza.

Na ule umeme wa volti 25,000, hauondoki ukichomoa waya. Chupa imepakwa rangi nyeusi ndani na nje, kioo kiko katikati, na kwa namna hiyo inahifadhi umeme kama mtungi unavyohifadhi maji. Unaweza kukaa mle kwa saa nyingi, pengine siku. Unangoja tu mtu atie mkono chini ya ile kofia ya mpira iliyo ubavuni mwa chupa. Fundi aliyefunzwa anajua kuumwaga kwanza, kwa waya uliofungwa kwenye chuma cha tyubu. Asiyefunzwa asifungue kasha.

Chogo lililokufa kabisa lisivunjwe wala lisichomwe moto. Kioo cha mgongo wake kina risasi, ile risasi ya kwenye betri za gari, na katika televisheni kubwa inaweza kupita kilo moja. Vumbi lake likiingia kwenye udongo wa uwanja wanapocheza watoto, linawadhuru akili na mwili. Mnunuzi wa skrepa akitaka koili ya shaba, auziwe televisheni nzima, na aichukue nzima.

Mama mmoja alituuliza kama elektroni zile hutoka nje zikawapiga watoto wanaokaa karibu na kioo. Hazitoki. Zinaishia kwenye unga na kioo. Zikigonga kwa nguvu ile hutoa eksirei kidogo, kama ya hospitali, na kioo kizito cha chupa kiliwekwa kwa ajili ya kuizuia. Lakini kilipimwa kwa volti za tyubu ile, siyo zaidi. Fundi akibadilisha flaibaki, muulizeni kama namba ya mpya ni ile ile ya zamani.